Povu, Dobi wa Vita, na Kaburi Lake Pana

Ndugu, jamaa na majirani, mliofika mapema na ninyi mnaonyata huko nyuma kama vile hatuwaoni,

Kabla hamjaendelea kunong'onezana kuhusu upana wa kaburi hili, tulieni. Marehemu hakuwa mnene. Mlimjua, alikuwa mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo. Wachimbaji nao wameuliza kama tumekosea kupima. Hatukukosea. Alilipima mwenyewe kwa maneno akiwa kitandani, na aliyebisha aliahidiwa kutembelewa na mzimu wake wenye beseni. Mtakayosomewa ni maisha yake kama dada yake mkubwa alivyoyasimulia na mjukuu akayaandika. Tukifika mwisho mtajua upande wa pili wa shimo ni wa nani.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe kumi na tisa mwezi wa nne, mwaka ule mafuriko yalipobeba daraja la zamani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali. Alikuwa kitinda mimba, wa nne kwa baba mchoma matofali na mama aliyefua nguo za watu. Siku hiyo mvua ilinyesha mpaka kuku wakajifunza kuogelea, na mkunga alifika ndani ya beseni, anapiga makasia kwa mwiko. Anayebisha hakuwepo. Alipofika miaka miwili alikunywa maji ya sabuni ya mama, na kwa siku tatu kila alipocheka alitoa mapovu. Tangu hapo akaitwa Povu, na hilo ndilo jina lililomzeesha.

Alianza masomo akiwa na miaka saba katika shule ya mawe iliyo chini ya tangi la maji. Hakudumu. Povu alikuwa wa mkono wa kushoto, na mwalimu wake hakuupenda mkono huo, akaufunga kwa kitambaa kwenye mguu wa dawati, dawati la tatu karibu na dirisha.

"Mkono wako wa kulia una kazi gani?" mwalimu akamuuliza.

"Unapumzika, mwalimu," Povu akajibu. "Huu wa kushoto ndio umeajiriwa."

Aliacha shule darasa la tatu. Dada yake, ambaye darasani aliingia mara moja tu kumfukuza mbuzi, alimwambia hajapoteza kitu.

Akapelekwa kwa fundi cherehani kujifunza kushona vifungo, kupinda pindo na kuziba. Kwa kuwa alishona kwa kushoto, mishono yake yote ililala kushoto, kama mvua yenye upepo. Fundi alimwambia, "Ukiziba wewe, hata kipofu akipapasa atajua ni wewe." Lilikuwa neno la kumsifu. Tulikumbuke, tutalihitaji mbele.

Mume wake alikuwa fundi baiskeli mwenye kibanda mkabala na duka la yule fundi cherehani. Alianza kwa kuleta suruali iliyochanika gotini. Povu akaiziba. Wiki ileile suruali ikarudi, goti lilelile.

"Mnyororo umeing'ata," fundi baiskeli akasema.

"Mnyororo gani unaopanda mpaka gotini?"

"Huu wa kwangu ni mrefu."

"Basi ulete na wenyewe niuzibe mdomo."

Iliporudi mara ya tatu, fundi cherehani akaikagua, akaona imekatwa kwa mkasi. Akamwambia kijana, "Ukiendelea hivi utaoa ukiwa na kaptula. Nenda kwao ukaseme." Akaenda, akasema. Walifunga ndoa Jumapili, tarehe mbili mwezi wa nane, wakahamia chumba kimoja nyuma ya kibanda, chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta. Wapangaji wa jirani waliapa kwamba kitanda chao kilifungwa kengele ya baiskeli. Maharusi hawakukana.

Walikaa pamoja mwaka mmoja na kidogo, kisha vita vikaja. Jeshi lilitaka watu wa baiskeli wa kubeba ujumbe na kutengeneza magurudumu. Wakamchukua Jumatatu asubuhi, yeye na pampu yake. Sare waligawiwa hapohapo kwenye uwanja wa mabasi, na wake waliruhusiwa kusogea kuwavalisha. Povu, mimba yake ikiwa bado changa, akaipindua kola ya shati la mumewe, akatia chini yake fundo la uzi mwekundu.

"Unanitia chapa kama ng'ombe?"

"Ndivyo tunavyofanya nguo za watu zisichanganyike kambani. Nikiikuta kola hii kati ya kola elfu, nitakujua."

"Na kama simo ndani yake?"

"Usiniletee maneno. Nyoosha shingo."

Hayo ndiyo mazungumzo yao ya mwisho, na kwa muda mrefu marehemu hakujua kwamba ni ya mwisho.

Wiki ileile gari la kipaza sauti lilipita mitaani likiita wanawake wanaoweza kufua, kushona, kupika na kubeba machela. Shule ya mawe iligeuzwa hospitali ya jeshi, na madarasa ya nyuma yakawa dobi, mahali pa kufulia. Dada mkubwa alipelekwa jikoni, kwenye sufuria kubwa kiasi kwamba mpishi msaidizi alitumbukia na tukampata wakati wa kugawa chakula. Povu alipelekwa chumba cha kuziba. Kilikuwa darasa lake la zamani. Akakaa dawati la tatu karibu na dirisha, safari hii mkono wa kushoto ukiwa huru. Hawakupewa sare wala cheo. Walipewa aproni za gunia na mabuti ya mpira yasiyofanana, na walipokufa kwa homa ya wagonjwa, kama walivyokufa wengi, aproni zilivuliwa zikapewa wanaofuata.

Kazi ilikwenda hivi. Nguo za askari wazima zilifuliwa, zikafungwa furushi, zikarudi kwa wenyewe. Nguo za wasiorudi zilichemshwa kwenye mapipa ya maji na magadi mpaka damu iishe, zikazibwa, zikapigwa pasi, zikarudi stoo kupewa wengine. Jeshi lilikuwa na watu wengi kuliko mashati. Viraka navyo vilikatwa kwenye mashati yaliyoshindikana kabisa, kwa hiyo askari aliweza kuingia vitani amevaa mabaki ya wenzake watatu.

Msimamizi wa dobi alikuwa mwanamke mfupi tuliyemwita Mama Pasi, kwa uzito na kwa moto. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja. Kabla shati halijaingia chumba cha kuziba, kola ilikunjiwa ndani ikashikizwa, tundu tu ndilo likabaki juu. Sheria hiyo ilianza siku mama mmoja alipoona kwenye kola alama aliyoitia mwenyewe kwa mwanawe. Siku ile mapipa yalipoa na hakuna aliyeyawasha.

"Wewe umeitiwa tundu," Mama Pasi alikuwa akisema. "Kola haikuhusu. Ziba, pitisha."

Povu alikuwa hodari. Aliziba, akapitisha. Mwezi wa kwanza peke yake mashati yalijaa mpaka dirishani.

Binti yake alizaliwa miezi sita baadaye, na kwa ajili ya mtoto Povu akahamishiwa kwenye kamba za kuanikia, uwanjani, ambako kikapu cha kichanga kingekaa kivulini. Kwenye kamba hakuna kola iliyokunjwa. Alhamisi moja furushi la nguo za wazima lilifika, na wakati wa kuanika akapitisha kidole gumba chini ya kola kama kawaida yake, akakuta fundo jekundu.

Alikuja jikoni akikimbia, buti moja mguuni, jingine halijulikani liko wapi.

"Yupo," akamwambia dada yake. "Yupo, da'. Shati lilikuja limelowa jasho. Maiti haitoki jasho."

Lilikuwa shati lenye kiraka kifuani, upande wa kushoto, ukubwa wa kiganja. Povu alikifunika kwa mkono.

"Msumari huo," akasema. "Kwenye baiskeli kuna misumari."

Mke wa fundi baiskeli alisema kwamba kwenye baiskeli kuna misumari, na hakuna aliyemsahihisha.

Akatia fundo la pili karibu na la kwanza, kumsalimu. Shati likaenda. Liliporudi, fundo la pili lilikuwa limefunguliwa, na uzi uleule umefungwa kwenye pindo la mkono. Basi, ikawa hivyo kwa miaka mitatu, mpaka vita vilipoisha. Mafundo mawili alisema ni njaa. Fundo lililokazwa sana alisema amekasirika, labda wamemnyima likizo. Mtoto alipoanza kutembea, Povu alifunga kifundo kidogo kabisa chini ya kikubwa, na shati liliporudi kulikuwa na vidogo viwili. Alicheka mpaka akakaa chini. "Anataka wa pili huyu, na hata wa kwanza hajamwona." Wanawake wote wa kamba walijua habari za mume wa Povu. Shati lilipochelewa, dobi nzima ilifua kimya. Lilipofika, Mama Pasi mwenyewe alilitoa kwenye furushi na kumrushia.

Vita viliisha Jumanne. Askari waliosalia waliletwa pale shuleni kurudisha sare stoo. Povu alisikia mtu langoni anauliza, "Yuko wapi mwenye uzi mwekundu?" Akatoka vilevile, povu mpaka viwikoni, mtoto ubavuni. Langoni alisimama kijana mrefu mwenye mabega, amevaa lile shati, ameshika kifurushi, nywele amezilaza kwa maji. Povu alimpita. Alimpita kabisa, akatazama nyuma yake barabarani, huku na huku, kuona aliyekuja naye.

"Dada," kijana akasema, "ni mimi."

"Wewe nani?"

"Wa mafundo."

Povu akamgeukia. "Hilo shati umelitoa wapi?"

"Nilipewa stoo, mwezi wa pili wa vita. Uzi ulikuwemo, nikadhani ni wa kiwandani. Halafu siku moja likarudi na wa pili. Nikasema, kumbe kuna mtu huko dobi ananisalimu." Akatazama chini. "Sikuwa na mwingine wa kunisalimu."

"Na hiki kiraka?"

"Nililikuta nacho."

Ndipo Povu akakipapasa kile kiraka kwa vidole, taratibu, akiwa amefumba macho. Mishono yote ilikuwa imelala kushoto. Alikuwa amekiona miaka mitatu. Wanawake wa kamba walikuwa wamekiona miaka mitatu, na kila mmoja aliujua mkono ule ni wa nani. Ni yeye mwenyewe aliyeliziba tundu lile, mwezi wa kwanza, dawati la tatu karibu na dirisha, kola ikiwa imekunjiwa ndani kama sheria ilivyotaka. Alilibana vizuri, akalipitisha.

Miaka mingi baadaye tulimuuliza Mama Pasi kwa nini hawakumwambia. Alisema, "Tungemwambia nini? Alikuwa anafua anaimba."

Yule kijana alikaa kwenye benchi la langoni, kifurushi mapajani. Ndani yake mlikuwa na kitambaa cha kichwa na viatu vidogo vya mtoto, maana kile kifundo kidogo alikielewa. "Samahani, dada. Sikujua ni la mtu."

"Yote ni ya watu," Povu akamwambia.

Kisha akaomba shati. Kijana akalivua. Povu akakaa kando yake, akachukua mkasi, akazikata nyuzi za kiraka moja baada ya nyingine, mpaka tundu likawa wazi kama lilivyokuja siku ya kwanza. Kiraka akakitia mfukoni. Shati akalipeleka stoo mwenyewe.

"Hili limetoboka," mtu wa stoo akasema.

"Ndiyo. Limetoboka."

"Haliwezi kupokelewa hivi."

"Lilipokelewa hivi," Povu akasema, akaliacha juu ya meza, akaondoka. Jioni ile mashati mabovu yote yalichomwa uwanjani, na hilo likiwemo. Kijana aliondoka na lori la kwanza, kifua wazi ndani ya koti la kuazima. Dada mkubwa angemchukua hapohapo, kwa yale mabega, lakini hakuulizwa. Hatukumsikia tena.

Kilichofuata ni ofisi ya jeshi. Marehemu alitaka jambo moja tu, mumewe aandikwe kwamba amekufa, jina lake lichongwe kwenye lile jiwe la mashujaa, na kama inawezekana aambiwe alipozikwa. Alikwenda kila mwaka, mwezi uleule. Karani alikuwa mpole, na alipostaafu akaja mwingine mpole vilevile.

"Mama, bila mwili na bila shahidi hatuwezi. Yeye yupo kwenye wasiojulikana walipo."

"Mimi ni shahidi. Damu yake ilipita mkononi mwangu."

"Una ushahidi wowote?"

"Niliufua."

Karani hakuwa na mahali pa kuandika hilo. Wafuaji nao, waliokufa na waliobaki, hawakuwahi kuitwa kwenye gwaride la kumbukumbu, kwa kuwa kufua si kupigana. Povu alikwenda hata hivyo, akasimama nyuma ya kamba pamoja na wauza karanga. Ofisi ilimkatalia kuwa mjane, na sisi mtaani tulimkatalia kuwa mke, tukamletea wachumba. Aliwapokea, akawafulia mashati, akawarudisha kwao wakiwa wasafi.

Alimlea binti yake kwa mikono ileile, akifua nguo za hoteli, za wagonjwa na za wengi mliopo hapa. Na ninyi mliokuwa mkidhani Bibi Povu anawapenda sana kwa sababu kila alipowasalimu aliwanyoosha kola, mjue leo. Hakuwa ananyoosha. Kidole gumba kilikuwa kinapita chini kutafuta. Alimfanyia mkwewe siku ya harusi, alimfanyia daktari, alimfanyia kiongozi mmoja mkubwa aliyekuja kufungua bomba la maji, na walinzi wakaruka kama wamekanyaga makaa. "Mnamwogopea nini?" akawauliza. "Kola yake chafu." Alijua kabisa kwamba shati lilichomwa, kwa kuwa aliuona moto. Kidole hakikuambiwa.

Marehemu alianza kuugua kifua zaidi ya miaka miwili iliyopita. Daktari alisema ni mvuke wa magadi aliouvuta ujanani, na kwamba mapafu yake yamekauka kama kitambaa kilichosahauliwa juani. Viganja navyo vilikuwa vimepasuka siku nyingi, havikufunga tena. Mwezi uliopita alilazwa katika wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na mlango. Hapo ndipo alipomwita dada yake na binti yake, akaagiza kaburi.

"Pana," akasema. "La wawili."

"Na huyo wa pili tutamtoa wapi?" dada yake akamuuliza.

"Hamtamtoa popote. Nyie chimbeni, mimi nitasogea."

Alifariki Alhamisi iliyopita, tarehe sita, saa tatu asubuhi, wakati muuguzi akimbadilishia shuka. Muuguzi anasema mkono wa kushoto uliinuka, ukashika kola yake yeye muuguzi, ukapapasa chini, ukashuka. Hapakuwa na kitu.

Marehemu ameacha binti mmoja, wajukuu watano, vitukuu wawili, mkwe mmoja mwenye kola safi, na dada mmoja mwenye meno machache na maneno mengi. Mchapishaji wa kijitabu hiki alituuliza mume tumwandike wapi, kwa walioachwa au kwa waliotangulia, akatuachia nafasi tuijaze. Kwa hiyo tunamwandika leo, kwa mara ya kwanza mahali popote. Waliomtangulia ni baba yake mchoma matofali, mama yake mfuaji, kaka zake wawili, na mume wake, fundi baiskeli, aliyefariki mwezi wa kwanza wa vita, mahali tusipopajua, kwa tundu lililokuwa kifuani kushoto. Shahidi ni mke wake, ambaye hawezi tena kuulizwa.

Upande wa pili wa kaburi tutaweka kile kiraka. Tusidanganyane, hata hicho si cha mumewe. Kilikatwa kwenye shati la askari mwingine, ambaye naye hatumjui, na pengine kuna mtu aliyemtafuta. Ila hatuna kingine. Wachimbaji wamechimba shimo la mtu mzima kwa kipande cha kitambaa ukubwa wa kiganja, na tunaomba wasikinyime udongo, walifukie lote kama kwamba yumo.

Povu wetu, pumzika kwa amani, mikono mikavu.